Picha 200 za mzigo bila kugusa bando: weka OpenCV kwenye kompyuta ya duka lako

Leo tunaiacha simu pembeni kidogo, tunakaa kwenye kompyuta. Kama una laptopu ya zamani nyumbani inayotumika kuangalia muvi tu, au ile ya mezani unayoandikia risiti, somo hili ni lako. Ni refu, lakini ukilifuata hatua kwa hatua unalimaliza jioni moja.

Tuanze na hesabu, maana sisi ni watu wa hesabu.

Mzigo wa vitenge umeingia, doti 40. Kila doti unaipiga picha tano: mbele, nyuma, pindo, ua kwa karibu, na ikiwa imekunjwa. Hizo ni picha 200. Kila moja uikate iwe mraba, uipunguze ukubwa, urekebishe rangi, uweke jina la duka, uhifadhi. Ukiwa mwepesi sana kwenye simu, dakika moja kwa picha. Dakika 200 ni saa tatu na dakika 20, na hapo hujajibu mteja hata mmoja. Programu nyingi za bure za simu nazo zinataka intaneti, zinakurushia matangazo, na nyingine zinabandika nembo yao juu ya kitenge chako.

Kazi hiyo hiyo kompyuta inaifanya kwa dakika chache wewe ukipima vitambaa. Haihitaji intaneti, haidai malipo ya mwezi. Kinachotakiwa ni kuiwekea OpenCV, mara moja, kwa usahihi.

OPENCV NI NINI

OpenCV ni maktaba, ila sio ile ya vitabu. Ni mkusanyiko wa kazi za picha ambazo wataalamu wameshaziandika: kukata, kupunguza, kupima mwanga, kugundua ukungu, kusoma msimbo wa QR, kutafuta uso wa mtu. Wewe unaziita kwa mistari michache, zinafanya. Ni kama fundi mwenye sanduku lililojaa vifaa: hutengenezi nyundo, unaomba upewe.

Ilianzishwa mwaka 1999 ndani ya kampuni ya Intel, Marekani, na Gary Bradski. Toleo la kwanza lilitolewa kwa watu wote mwaka 2000. Mwaka 2005 gari lisilo na dereva la Chuo Kikuu cha Stanford, jina lake Stanley, lilishinda mashindano ya jangwani kwa kwenda zaidi ya kilomita 200 peke yake. Huo ni mwendo mrefu kuliko Shinyanga mpaka Mwanza. OpenCV ilikuwa sehemu ya macho yake.

Ni bure kabisa, hata kwa biashara. Kuanzia toleo la 4.5 la mwaka 2020 inatolewa kwa leseni iitwayo Apache 2, inayokuruhusu kuitumia, kuinakili na kumpa mwenzako bila kumlipa mtu. Kumbuka neno "kuinakili", tutalirudia tukifika kwenye flashi.

Na usidhani macho ya kompyuta ni mambo ya Ulaya tu. Wenzetu wa maabara ya Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, walishirikiana na taasisi ya utafiti wa mazao ya Uganda kuandaa picha 21,367 za majani ya mihogo ili kompyuta ijifunze kutambua magonjwa. Nyingi ya picha hizo zilipigwa na wakulima wenyewe mashambani mwao. Na kuna programu ya simu iitwayo Nuru, jina la Kiswahili kabisa, inayomulika jani la muhogo na kusema lina ugonjwa gani hata pasipo intaneti. Picha za kuifundisha zilitoka hapa Tanzania. Kama mkulima wa muhogo anafaidi, muuza vitenge anakosaje?

JE, UNAIHITAJI?

Tusidanganyane. Kama unaposti picha kumi kwa wiki, simu yako inatosha, endelea nayo. OpenCV ni ya mtu mwenye picha nyingi zinazohitaji kazi ile ile kila mara: nguo, viatu, mabegi, vipuri vya pikipiki, vyombo. Kazi ikijirudia ndipo kompyuta inapokuzidi.

KABLA YA KUANZA, ANGALIA VITU VITATU

1. Toleo la Windows. Windows 10 au 11 ni sawa. Windows 7 inabana: Python kuanzia 3.9 haikubali Windows 7. Ya mwisho yenye kisakinishi cha Windows hiyo ni 3.8.10. Kompyuta za mtumba nyingi bado zina Windows 7, kwa hiyo angalia kabla hujachoma bando.

2. Biti 32 au 64. Fungua Settings, ingia System, kisha About, usome penye "System type". Ikisema 64-bit uko vizuri.

3. Bando. Kisakinishi cha Python, OpenCV yenyewe na mwenzake aitwaye NumPy, vyote pamoja havifiki MB 100 kwenye Windows. Kama una bando la usiku, hii ndiyo kazi yake.

HATUA YA 1: WEKA PYTHON

Python ndiyo lugha tutakayotumia kuiamuru OpenCV. Nenda python.org, sehemu ya Downloads, chukua ya Windows 64-bit. Usiichukue kwenye tovuti nyingine yoyote, wala usikubali faili la kutumiwa kwenye kikundi. Programu ya bure haina sababu ya kupitia mlango wa nyuma, na virusi vinapenda mlango huo.

Ukifungua kisakinishi, usikimbilie kubofya. Chini kabisa kuna kiboksi kimeandikwa "Add python.exe to PATH". Kiwekee tiki kwanza, ndipo ubofye "Install Now". Tiki hiyo inaiambia Windows Python iko wapi. Bila tiki, Python itakuwepo ila amri ya python haitaonekana, na wengi wanakwamia hapo.

Sasa bofya alama ya Windows, andika cmd, gonga Enter. Litafunguka dirisha jeusi. Usiliogope, ni sehemu ya kuandika amri tu. Andika:

py --version

Likijibu Python na namba, umevuka.

HATUA YA 2: WEKA OPENCV

Kwenye dirisha lile lile andika:

py -m pip install --timeout 100 opencv-python

Nikueleze kila kipande, maana amri usiyoielewa ni sawa na kusaini mkataba usiousoma.

"py" inaita Python. "-m pip" inaita mtumishi wake wa kuleta vifurushi. Tunapitia "py" ili kifurushi kiingie kwenye Python ile ile tutakayoitumia, maana kompyuta moja inaweza kuwa na Python mbili. "--timeout 100" inamwambia avumilie sekunde 100 mtandao ukisinzia. Kawaida yake anakata tamaa baada ya sekunde 15, na mtandao wa huku mnaujua. Mwisho ni jina la kifurushi.

Jina hilo liandike kama lilivyo. Kuna vifurushi vinne vya OpenCV vinavyofanana majina: opencv-python, opencv-contrib-python, na vingine viwili vinavyoishia na headless. Vya headless havina uwezo wa kufungua madirisha ya picha, ni vya seva. Vya contrib vina nyongeza. Vyote vinne vinakalia nafasi moja ndani ya Python, kwa hiyo chagua KIMOJA tu. Ukiweka viwili vinagombana, na dalili zake zinachanganya. Sisi tunachukua opencv-python, inatosha.

HATUA YA 3: HAKIKISHA

Andika:

py -c "import cv2; print(cv2.__version__)"

Ikitoka namba inayoanza na 4, hongera, kompyuta yako imepata macho. Hilo "cv2" ndilo jina la OpenCV ikiwa ndani ya Python. Unaisakinisha kwa jina moja, unaiita kwa jina jingine, kama mtu mwenye jina la shule na jina la nyumbani.

Angalizo: ukinakili amri kutoka kwenye posti, simu au ukurasa unaweza kugeuza alama za nukuu ziwe zilizopinda, na vistari viwili vikawa kimoja kirefu. Zikikataa, ziandike mwenyewe kwa kibodi.

IKIKATAA, TAFUTA KOSA LAKO HAPA

"py is not recognized": Python haikuingia sawasawa. Endesha kisakinishi tena, weka ile tiki, funga dirisha jeusi na ufungue jipya.

"No matching distribution found": Mara nyingi jina limekosewa. Ukiandika pip install cv2 utakutana nayo, maana kifurushi kinaitwa opencv-python. Jina likiwa sahihi, angalia kama mtandao upo.

"No module named cv2": OpenCV imeingia Python nyingine. Rudia hatua ya 2 kwa kuanza na "py -m pip" kama nilivyoandika.

"DLL load failed": Windows inakosa kipande inachokitegemea. Weka Visual C++ Redistributable kutoka tovuti ya Microsoft. Kama Windows yako ni ya aina iitwayo N, weka pia Media Feature Pack.

Inasema cv2 ipo lakini haina kazi yoyote: angalia kama faili lako mwenyewe umeliita cv2.py. Python inasoma la kwako badala ya lile halisi. Libadilishe jina.

KAMA UNATUMIA UBUNTU

Baadhi yenu mmewekewa Ubuntu na mafundi kwa sababu kompyuta ni nzito kwa Windows. Nyinyi mna njia fupi. Fungua Terminal, andika:

sudo apt update
sudo apt install python3-opencv

Python mnayo tayari. Ila njia hii inaburuta vifurushi vingi nyuma yake, hivyo soma kiasi cha MB kinachotajwa kabla ya kukubali. Ukijaribu pip moja kwa moja kwenye Ubuntu za karibuni itakukatalia ikisema "externally managed". Hiyo sio hitilafu, mfumo unajilinda. Tumia apt. Na kila mahali nilipoandika "py", wewe andika "python3".

FLASHI MOJA, MADUKA KUMI

Hapa ndipo leseni ile inapotusaidia. Hakuna haja ya kila mmoja wetu kuchoma bando lake. Mmoja mwenye mtandao mzuri anapakua, wengine wanapokea kwa flashi. Mwenye mtandao aandike hivi, kama flashi yake inasomeka E:

py -m pip download opencv-python -d E:\opencv

Hii haisakinishi, inaweka mafaili kwenye folda tu. Kwenye flashi hiyo hiyo aweke na kisakinishi cha Python alichotumia yeye. Mwenzake akishaweka Python hiyo, anaandika:

py -m pip install --no-index --find-links=E:\opencv opencv-python

"--no-index" maana yake usiende mtandaoni, chukua hapa hapa. Sharti ni moja: Python iwe ya toleo lile lile na Windows ziwe za biti sawa, kwa sababu NumPy inatengenezwa kwa kila toleo la Python peke yake. Ndiyo maana kisakinishi kinasafiri pamoja na folda. Kwa njia hii mtu wa Mhunze anaweza kumwekea wa Maganzo au wa Katoro bila bando hata kidogo. Ila ikague flashi kwa programu ya kuzuia virusi kila inapobadilisha mikono.

SASA IFANYE KAZI

Tengeneza folda C:\duka. Ndani yake weka folda iitwayo picha, utie picha zako humo. Fungua Notepad, andika hivi:

import cv2, os
os.makedirs("tayari", exist_ok=True)
for jina in os.listdir("picha"):
    p = cv2.imread("picha/" + jina)
    if p is None:
        print("Haikusomeka:", jina)
        continue
    n = p[20:150, 20:150].mean(axis=(0, 1))
    h, w = p.shape[:2]
    s = min(h, w)
    y, x = (h - s) // 2, (w - s) // 2
    p = cv2.resize(p[y:y+s, x:x+s], (1080, 1080), interpolation=cv2.INTER_AREA)
    p = (p * (n.mean() / n)).clip(0, 255).astype("uint8")
    u = cv2.Laplacian(cv2.cvtColor(p, cv2.COLOR_BGR2GRAY), cv2.CV_64F).var()
    if u < 50:
        print("Angalia ukungu:", jina, round(u))
    cv2.putText(p, "JINA LA DUKA", (40, 1040), cv2.FONT_HERSHEY_SIMPLEX, 1.5, (255, 255, 255), 3)
    cv2.imwrite("tayari/" + jina, p)

Hifadhi kwa jina panga.py ndani ya C:\duka. Pale penye aina ya faili chagua "All files", la sivyo Notepad italiita panga.py.txt na halitafunguka. Nafasi nne mwanzoni mwa mistari ni lazima ziwepo, na nane pale palipoingia zaidi. Python inasoma nafasi kama sisi tunavyosoma nukta. Zikipotea wakati wa kunakili, zirudishe.

Kisha kwenye dirisha jeusi:

cd C:\duka
py panga.py

Picha zilizokamilika zitakuwa kwenye folda mpya iitwayo tayari. Zile za mwanzo hazijaguswa, ziko pale pale. Usizifute.

Inafanya nini? Inachukua kila picha, inakata mraba katikati, inaishusha mpaka 1080 kwa 1080 ili isile bando la mteja, inasawazisha rangi, inapima ukali, inaandika jina la duka chini, inahifadhi. Picha yenye ukungu inakutajia jina ukaipige upya kabla kitenge hakijauzwa. Ile namba 50 ni ya kuanzia tu. Kitambaa cheupe kisicho na maua kinapata alama ndogo hata picha ikiwa kali, kwa hiyo iangalie kwa macho yako ndipo uamue.

"Haikusomeka" ikitokea, kuna sababu mbili za kawaida. Picha za iPhone zenye mwisho wa HEIC haizisomi, zigeuze kuwa JPG kwanza. Na kwenye Windows haipendi majina yenye emoji au herufi za ajabu. Majina ya kawaida ya Kiswahili hayana shida.

RANGI: HAPA NDIPO PESA INAPOPOTEA

Nimeacha jambo kubwa kwa mwisho. Kosa la picha linalotugharimu zaidi ni rangi kuliko hata ukungu. Kitenge cha zambarau kimepigwa chini ya taa ya njano, mteja wa Geita ameona kahawia, amelipia kahawia. Mzigo unapanda basi, unafika, unafunguliwa, unarudi. Nauli ya mzigo umelipa kwenda, umelipa kurudi, na mteja ameshawaambia wenzake kumi kwamba wewe sio mkweli, wakati hujamdanganya hata neno moja. Picha ndiyo iliyosema uongo kwa niaba yako.

Tunaoishi Kishapu tunapaswa kulijua hili kuliko wengine. Mwadui iko wilayani kwetu. Almasi ya karati 54.5 iliyopatikana pale mwaka 1947, ambayo Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza alizawadiwa mwaka huo alipoolewa, ilisifika kwa rangi yake ya waridi. Rangi ndiyo iliyoipa jina. Kitenge nacho ni hivyo hivyo: mteja hanunui kitambaa tu, ananunua rangi aliyoiona.

Dawa ni karatasi nyeupe ya daftari. Shika simu wima. Weka karatasi kwenye kona ya juu kushoto ya picha, ionekane ndani ya ukingo wa juu. Ule mstari unaoanza na "n" unasoma karatasi hiyo. Karatasi ni nyeupe, kwa hiyo bluu, kijani na nyekundu zake zinapaswa kulingana. Kama taa imeongeza njano, kompyuta inaona bluu imepungua, na inairudishia picha nzima kiasi hicho hicho. Kisha mraba ukikatwa katikati, ukingo wa juu unaondoka na karatasi yake. Mteja haioni.

Masharti matatu. Karatasi isipigwe na jua kali mpaka ing'ae tupu, maana hapo kipimo kinapotea. Karatasi na kitenge viwe kwenye mwanga mmoja: kimoja kivulini na kingine juani haitafaa. Na kama picha haina karatasi, futa mstari unaoanza na "n =" na ule wa "p = (p * ...", la sivyo kompyuta itadhani kona ya kitenge ndiyo nyeupe na itaharibu kila kitu.

Utauliza, kwa nini tusitumie programu zinazorekebisha rangi zenyewe bila karatasi? Nyingi zinakisia kwamba ukichanganya rangi zote za picha utapata kijivu. Kwa picha ya mtaani, sawa. Kwa kitenge chekundu kilichojaza picha nzima, programu inaona wekundu umezidi, inaupunguza, na kitenge chako kinapauka. Inasahihisha ukweli kuwa uongo. Karatasi haikisii.

Jingine la kujua: OpenCV inapanga rangi kwa bluu, kijani, nyekundu, wakati programu nyingi zinaanza na nyekundu. Ndani ya msimbo wetu hakuna tatizo. Ila siku ukiunganisha na maktaba nyingine ukaona nyekundu imekuwa bluu, usilaumu kamera, ni mpangilio.

Na mwanga mzuri bado unashinda msimbo wowote. Jua la huku saa sita mchana linatupa vivuli vyeusi kama mkaa. Piga asubuhi au jioni, au simama ndani karibu na mlango, mwanga ukiingia kutoka pembeni. Kompyuta inarekebisha kilichopo, haiumbi kisichokuwepo.

NENO LA MWISHO

Chombo hiki kinaweza pia kufanya kitenge kilichochuja kionekane kipya. Uwezo upo, lakini usiutumie hivyo. Sisi tunaouza kwa watu ambao hawajagusa bidhaa tuna mtaji mmoja tu usiokopesheka, nao ni kuaminika. Picha iwe sawa na kile kitakachotoka kwenye mfuko basi likifika. Faida nyingine ni kwamba picha zako, na za wateja waliovaa nguo zako, zinabaki kwenye kompyuta yako. Hazipiti kwenye seva ya mtu usiyemjua.

Ukisakinisha, tuandikie kwenye maoni unatumia Windows gani, namba gani ilitoka kwenye hatua ya 3, na picha ngapi umepanga siku ya kwanza. Ukikwama, nakili maneno ya kosa kama yalivyo. Usiandike "imegoma" tu, maana hapo hatuna pa kuanzia. Na kama una flashi yenye folda ile ya opencv, taja uko mji gani, mwenzako wa jirani asichome bando bure.